Paja la kushoto dogo na nguvu hazilingani, nianzie wapi?

pajamoja: Wakuu, paja la kulia linalizidi la kushoto kwa sm 2. Kwenye mashine ya kusukuma kwa mguu mmoja, kulia natoa marudio 12, kushoto 8, uzito uleule. Skwoti ya baa (kuchuchumaa na kuinuka na baa ya uzito mabegani) nafanya mara mbili kwa wiki lakini pengo halizibiki. Nipumzishe kulia?

kilo_kwa_kilo: Usipumzishe, na usitegemee skwoti ya baa peke yake. Ukichoka, nyonga husogea upande wenye nguvu bila wewe kujua. Jirekodi kutoka nyuma utaona.

Anza na skwoti ya mguu mmoja, wa nyuma ukiwa juu ya benchi, ukiwa na dambeli (vyuma vya kushika mkononi). Kushoto kwanza: seti (mizunguko) 3 za marudio 8 hadi 10, shuka kwa sekunde 3, komesha seti ukiwa umebakiza nguvu za kama marudio 2. Kulia fanya seti 2 tu, uzito na marudio yaleyale, hata kama unaona unaweza zaidi (hapa ndipo wengi hushindwa kujizuia). Kushoto kukifikisha 10 katika seti zote, ongeza kilo 2. Mguu wa nyuma ukichoka kuliko wa mbele, ujue unasukuma benchi kwa mguu huo. Hamishia uzito kisigino cha mbele.

Mara mbili kwa wiki, wiki 8, ndipo upime tena. Nguvu hutangulia, ukubwa hufuata baadaye.

fizio_wa_zamu: Hiyo sm 2 umeipimaje? Weka alama sm 15 juu ya pia ya goti miguu yote, msuli ukiwa umelegea, kabla ya mazoezi. Utepe ukipanda kidogo upande mmoja, unapata pengo la uongo. Tofauti ya sm 1 ni ya kawaida.

Goti la kushoto liliwahi kuumia? Likiwa na maji ndani, msuli wa mbele ya paja hugoma kukaza, na uzito hautausaidia mpaka uvimbe utulizwe. Kukiwa na ganzi, au kidole gumba cha mguu hakiinuki vizuri, au paja linazidi kupungua, muone daktari kabla ya kugusa chuma.

pajamoja: Goti halijawahi kuumia, ganzi hakuna. Kulia kwa seti 2 hakutapungua?

kilo_kwa_kilo: Hapana. Kudumisha msuli kunataka kazi ndogo kuliko kuujenga, na skwoti ya baa bado unayo.