Naomba ushauri: kuhamia Linux Mint kwenye steshenari

Wakuu, habari za muda huu. Kompyuta zangu za steshenari ni za zamani, hazina TPM 2.0 (chipu ya usalama), kwa hiyo Windows 11 inazikataa. Windows 10 nayo Microsoft waliacha kuihudumia 14 Oktoba 2025. Kununua mpya kwa sasa siwezi, nafikiria Linux Mint, mfumo endeshi wa bure wa kuweka badala ya Windows. Hofu yangu ni printa na mafaili ya Word: CV ya mteja ikifunguliwa kwa LibreOffice (programu ya bure inayotumika badala ya Microsoft Office) mistari inahama, na mteja wa CV huwa ana haraka. Mliohama mlitatuaje?

Halafu, Mint inaendeshwa kwa michango na wadhamini. Kwa kuwa nitaitumia kibiashara, ningependa kuchangia kidogo. Inawezekana bila kadi ya benki, kwa pesa ya simu tu?

Ushauri wa Windows ya kukraki sihitaji, jamani.