Virginia 2004: hata mkataba wa wapenzi wa jinsia moja ulikatazwa?

Wakuu habari zenu, niko Virginia huku Marekani, jirani zangu wanaume wawili wameniambia 2004 jimbo lilipitisha sheria ya kukataa siyo ndoa tu, hadi mkataba wowote kati ya watu wa jinsia moja unaotoa haki kama za ndoa. Sasa wosia je, hati ya nyumba je?

— Ni kweli mkuu. Watetezi wake walidai wosia na nyumba ya pamoja haviguswi, ila maneno yalikuwa mapana mno, mawakili wakahofia hata ile karatasi ya kumruhusu mwenzako akuamulie matibabu ukiwa hujitambui, na mlangoni kwa mahututi nani ana muda wa kubishana sheria? Mi naona ilikuwa ukatili.

— 2006 wakaweka na kwenye katiba ya jimbo, kura kama 57%. Mahakama ya rufaa ya shirikisho ikaifuta marufuku hiyo 2014 kwenye kesi iitwayo Bostic, ndoa zikaanza Oktoba mwaka huohuo.

— Asanteni sana. Leo wamenionyesha bahasha ya kaki, karatasi zina mihuri, kona zimechakaa, walikuwa wanasafiri nayo kila mahali kwenye gari.

— Waambie wasiitupe, wosia unahitajika hata ukiwa na cheti cha ndoa.