Babu alikuwa mpiga mizinga wa Kanada: faili lake linapatikanaje?

Kutoka: S., Hamilton

Assalaam alaikum, na wengine wote hamjambo. Mume wangu ni mwenyeji wa huku Ontario. Baba wa babu yake alikuwa jeshini Vita Kuu ya Kwanza, upande wa mizinga. Kilichobaki nyumbani ni medali moja ya fedha, ukingoni imechongwa namba, kisha GNR., jina lake, na C.F.A. Wanasema alizaliwa Uingereza akaletwa Kanada angali mtoto, ila wazazi wake hakuna anayewajua. Watoto wametakiwa shuleni wapeleke habari za mtu wa ukoo kabla ya 11 Novemba, siku ya kuwakumbuka askari. Tuanzie wapi, na ni lazima kulipa?

Kutoka: M.K., Ottawa

Waalaikum salaam, dada. Hulipi hata senti. Mafaili ya askari wa Kanada wa vita ile, zaidi ya 620,000, yako hapa Ottawa katika hifadhi ya taifa, Library and Archives Canada, na tangu 2018 yote yamekwisha kuwekwa kwenye tovuti yao. Kuna tovuti za ukoo zinazotoza ada. Kwa faili hili huzihitaji.

Tafuta kwa namba iliyo kwenye medali, si kwa jina. Majina makarani waliyaandika walivyoyasikia, lakini namba kwa kawaida mtu alibaki nayo vita nzima, hata akihamishwa kikosi. GNR. ni gunner, askari wa kawaida wa mizinga. C.F.A. ni Canadian Field Artillery, mizinga ya medani. Ingekuwa C.G.A., tungesema mizinga mizito.

Faili likifunguka utakuta kurasa kama 25 hadi 75, zimechanganyika. Wengi husoma fomu ya kujiunga, wanafurahi, wanaishia hapo. Wewe endelea mpaka uione karatasi yenye kichwa "Casualty Form – Active Service". Kichwa kisikutishe, hakimaanishi kwamba aliumia. Aliyekwenda ng'ambo aliandikiwa hiyo, na humo ndimo mlimo safari yake yote: kupelekwa kikosini, hospitali, likizo, adhabu, kupandishwa cheo.

Isome kwa makini, kwa sababu kila mstari una tarehe mbili. Ya kushoto ni siku taarifa ilipoandikwa. Ya kulia, karibu na mahali, ndiyo siku jambo lilipotokea. Chukua ya kulia. Ukichukua ya kushoto utamweka askari hospitalini siku kadhaa baada ya kuwa ametoka. TOS maana yake amepokewa kikosini, SOS ameondolewa. Penye mahali mara nyingi pameandikwa "Field" tu. Hicho si kijiji. Ni kusema yuko Ufaransa au Ubelgiji, basi. Faili halitakuambia zaidi ya hapo.

Atakayekuambia ni shajara ya vita ya kikosi, nazo ziko kwenye tovuti ileile, bure. Hapa ndipo watu wanapopotea. Mizinga ya medani ilipangwa kwa betri, yaani kundi la mizinga na askari wake, na betri kadhaa zikafanya brigedi. Kufikia 1917 brigedi ya kawaida ilikuwa na betri tatu za mizinga ya ratili 18 (ndio uzito wa kombora lake) na moja ya hauza, mzinga mfupi unaorusha kombora juu, ya inchi 4.5, kila betri mizinga sita. Shajara unayoitafuta mara nyingi imeandikwa na brigedi, kwa hiyo ukitafuta betri peke yake waweza kurudi mikono mitupu. Tena usichanganye Betri ya 5 na Brigedi ya 5, ni vitu viwili. Na kwa kuwa betri zilipangwa upya vita ikiendelea, hakikisha betri yake ilikuwa brigedi ipi *kwa tarehe hiyo*.

Usitegemee kuliona jina lake humo. Maofisa hutajwa kwa majina; askari wa kawaida huandikwa "2 O.R. wounded", yaani askari wawili wasio maofisa wamejeruhiwa. Linganisha tarehe hiyo na ile ya kulia kwenye fomu yake. Zikikubaliana, umempata: utajua brigedi ilikuwa wapi, ilikuwa inalenga nini, na mara nyingine hata mvua na tope la siku hiyo.

Jambo moja zaidi: ukikuta DVR. (driver, dreva) badala ya GNR., huyo hakuendesha gari. Mzinga wa ratili 18 ulivutwa na farasi sita, na madreva watatu, kila mmoja amepanda farasi wa kushoto katika jozi yake. Hao ndio walioipelekea betri risasi usiku kwenye njia ambazo adui alikwisha kuzipimia. Dreva hakukaa mbali na hatari.

Kutoka: Bi. R., Birmingham

Dada S., hongera kwa kuwatafutia watoto asili yao. Wapagazi wetu wa Kariakoo, yaani Carrier Corps, kikosi cha wabeba mizigo wa jeshi la Waingereza, walikufa kwa maelfu katika vita hiyohiyo, na minara yao Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam haina hata jina moja. Faili likiwepo, lisomeni lote.

Kwa upande wa wazazi, rudi kwenye fomu ya kujiunga. Imetaja mji alikozaliwa, jamaa wa karibu na anwani yake, kazi, na nyuma yake dini. Dini inakuelekeza ni vitabu vya ubatizo vya kanisa lipi uvitafute. Tarehe ya kuzaliwa usiiamini moja kwa moja: vijana walijiongezea miaka, watu wazima wakajipunguzia. Tafuta miaka mitatu mbele na mitatu nyuma.

Kisha tazama kadi za mshahara. Askari wa kawaida alipata dola 1.10 kwa siku, na wengi walikatwa dola 15 au 20 kwa mwezi zikaenda kwa mke au mama. Kadi ina jina na anwani ya mpokeaji, na kila alipohama anwani ilifutwa ikaandikwa mpya. Kama kuna wasia, usome pia. Huenda ukamtaja dada ambaye fomu ya kujiunga haimtaji.

Akiletwa mtoto bila wazazi, huenda alikuwa miongoni mwa watoto kama 100,000 waliopelekwa Kanada na mashirika ya hisani kuanzia 1869 wafanye kazi mashambani. Dalili yake ni jamaa wa karibu kuwa mkulima wa Ontario mwenye jina tofauti na lake, au nduguye aliyeko huku Uingereza. Ottawa wana orodha ya majina ya watoto hao. Ukimwona, shirika lililomleta laweza kuwa bado na faili la utotoni. Barnardo's, kwa mfano, hutafutia wazao kwa malipo. Usipomwona, tafuta sensa ya Kanada ya 1911 au 1921, ina mwaka aliohamia. Ukishajua mji na mwaka, tovuti ya General Register Office ya huku ina kielezo cha vizazi cha bure, na kinaonyesha jina la ukoo la mama kabla hajaolewa. Hicho ndicho kinachowatenganisha akina John Smith kumi wa mji mmoja.

Kutoka: J., Calgary

Shikamoo Mzee M.K. Wa kwetu ni wa Vita ya Pili, baba wa mkwe wangu. Nimetafuta jina lake kwenye tovuti hiyo, hakuna kitu.

Kutoka: M.K., Ottawa

Marahaba, mwanangu. Hutamwona, ila kama alifia vitani. Waliorudi salama mafaili yao hayajawekwa wazi. Unaomba kwa fomu, Ottawa hapahapa. Akiwa amefariki zaidi ya miaka 20 iliyopita, yeyote anaweza kuomba. Chini ya hapo hupewa jamaa wa karibu tu, tena kwa kiasi, kwa hiyo fomu aijaze mkweo mwenyewe na aambatanishe uthibitisho wa uhusiano. Uthibitisho wa kifo unatakiwa: cheti, tangazo la gazetini, au picha ya kaburi inayosomeka. Maombi mengi hukwama kwa kukosa karatasi hiyo moja. Majibu huchukua miezi mingi.

Medali zisikupotezee muda, za Kanada za vita hiyo zilitolewa bila majina. Namba yake ikianza na M, alijiunga wilaya ya Calgary. B ni Toronto, H Winnipeg, K British Columbia. Hiyo inaonyesha alikojiunga, si alikozaliwa.

Na kama familia inasema alishuka Juno, ufuo wa Normandy huko Ufaransa, 6 Juni 1944, angalia rejimenti kwanza. Rejimenti za medani zilizopiga mizinga zikiwa bado ndani ya meli za kutua zilikuwa nne: ya 12, 13, 14 na 19, mizinga 96 kwa jumla. Akiwa rejimenti nyingine ya medani, huenda wakati huo alikuwa Italia, au alivuka wiki kadhaa baadaye.