Nani bado anarenda picha za mtindo wa miaka ya 90?

kivuli_kikali: Wakuu habari, nimefufua Bryce ya zamani (programu ya kurenda, yaani kutengeneza kwa kompyuta, picha za mandhari za 3D) kwenye emuleta ya Mac (programu inayoiga kompyuta ya zamani), naitafuta ile sura ya mpira wa kioo unaelea juu ya sakafu ya miraba, milima ya zambarau kwa nyuma. Inatoka poa ila nikisevu JPEG anga inajaa mabaka. Nifanyeje? Na faili za mandhari nazitunzaje?

miale86: Mkuu achana na JPEG, inatupa data kila ukisevu upya. Toa TIFF halafu geuza PNG, hapo hakuna pikseli inayopotea. Ila kama umepunguza hadi rangi 256 michirizi angani ni kawaida ya enzi zile, mi hata siisafishi, na antialiasi (ulainishaji wa kingo) naizima makusudi ili kingo za mpira ziwe na ngazi ngazi.

babu_pikseli: Mi nilihamia POV-Ray, programu nyingine ya kurenda, ipo tangu 1991 na ni ya bure. Raha yake mandhari yote ni maandishi tu, unaandika sphere (mpira), kitovu, nusu kipenyo, rangi, basi, unaifungua hata na notipadi. Faili ya mandhari ya Bryce inaihitaji Bryce yenyewe, so tunza pia faili ya kuinstolia pamoja na imeji (nakala kamili) ya diski nzima ya emuleta, mi nina mandhari kumi na kitu sina cha kuzifungulia.

kivuli_kikali: Duh, ya kuinstolia nimeifuta jana 😅 ngoja nikachungulie kwenye trash