Wakuu, mke hataki nishike bunduki hata kwa kuisafisha. Naombeni ushauri

Mwana wa Isevya:
Habari za jioni wakuu. Niko Tabora mjini, nina mke na watoto. Nyumbani kuna shotigani namba 12 ya mitutu miwili, ile ya kukunja. Sijawahi kumtishia mtu nayo wala kwenda nayo baa. Ninachofanya ni hiki: usiku watoto wakishalala naitoa kwenye begi lake la ngozi, naikunja, namulika tochi upande mmoja na kuchungulia upande wa pili. Mtutu ukiwa safi unaona mwanga umejikunja duara baada ya duara hadi mwisho, hakuna hata chembe ya vumbi. Halafu napitisha kitambaa chenye mafuta ya cherehani, napangusa chuma chote maana jasho la vidole likilala juu yake asubuhi unakuta kutu, kitako nakisugua kwa nta ya nyuki mpaka mbao itoe mistari yake. Naifunga polepole. Ule mlio wa kujifunga kwake unanituliza kuliko kitu chochote. Baada ya hapo nakaa nayo mapajani kidogo, uchovu wote wa siku unaisha.

Mke wangu anasema ndani humu kuna mke mwenza. Amehamisha godoro, analala na watoto. Ametamka kwamba mwezi ukiisha na bunduki bado ipo, anarudi kwao Nzega. Kwa hiyo nimepanga niipeleke Sikonge kwa binamu yangu ili amani irudi, niwe naenda kuiangalia huko. Lakini moyo unauma. Nimweleweshe vipi kwamba kuipenda silaha si ugonjwa?

Mha wa Ujiji:
Pole mkuu. Huku kwetu ziwani wa kwangu ana ugomvi na mtumbwi. Nikitoka kuvua dagaa, kabla ya kuingia ndani lazima niukague mbao kwa mbao, nigonge kila msumari, nione kalafati, ile pamba ya kuzibia nyufa, imekaa vizuri. Anasema mimi namsalimia mtumbwi kabla yake. Nilichofanya nikamnunulia kitenge kizuri, kelele zikaisha. Jaribu kitenge.

Bibi Asali:
Kitenge hakizuii risasi, mwanangu. Mimi ni mama wa makamo, mizinga yangu iko porini upande wa Ugalla, na bunduki nimeziona tangu mdogo. Mpwa wangu alikaa anachezea gobore barazani hivyo hivyo, analipenda, analisifia. Lilimpasukia mkononi siku alipokwenda kufukuza ngedere shambani. Hadi leo jembe analishika kwa kiganja kibovu. Unasema watoto wakishalala. Nani kakwambia wamelala? Watoto wanajua kila kilichopo chini ya kitanda cha wazazi wao. Mkeo hana wivu, ana hofu. Usimweleweshe, mwelewe wewe.

Askari Mstaafu:
Nakuelewa kuliko wengi hapa. Kambini silaha unalala nayo, namba yake unaikariri kama jina la mama yako. Nilipostaafu nikairudisha ghalani, usiku wa kwanza nyumbani nilishtuka napapasa pembeni, hakuna kitu. Kwa hiyo sikucheki.

Ila mambo matatu unayakosea. Begi la ngozi ni la kusafiria, si la kuhifadhia. Ngozi inanyonya unyevu na kuutunza, msimu huu wa masika chuma kitaliwa ukiwa unapaka mafuta juu. La pili, kama una tabia ya kubonyeza triga ikiwa tupu ili usikie mlio, acha, pini za shotigani za zamani zinakatika. Na kabla ya kuanza kuisifia, kunja, angalia kwa macho, kisha ingiza kidole kwenye chemba zote mbili. Kila mara, hata kama uliiweka mwenyewe dakika moja iliyopita. Sasa nijibu: risasi unaziweka wapi?

Mwana wa Isevya:
Asante sana afande. Risasi ziko mfuko wa pembeni wa begi hilo hilo. Lakini begi liko juu ya kabati, watoto hawafiki.

Bibi Asali:
Kiti wanacho?

Mbongo Ughaibuni:
Mimi niko Marekani mkuu, huku wangekushangaa una moja tu. Jirani yangu ana chumba kizima, anazipanga ukutani kama vyombo kabatini, Jumapili anaita marafiki wanashika moja moja wanapeana kahawa. Katiba yao ina kipengele hicho tangu 1791. Lakini hata yeye anazifungia kwenye sefu ya chuma na risasi zina sefu yake, kwa sababu ana wajukuu. Mapenzi yake hayajapungua kwa kuwa na kufuli.

Mtoto wa Cheyo:
Watu wanashangaa Mnyamwezi kupenda bunduki? Huu ni mji wa baruti ndugu zangu. Mtemi Mirambo aliusimamisha ufalme wake kwa ruga-ruga, wapiganaji wake, na gumegume, bunduki za kale, misafara ya pembe ikapita kwa ruhusa yake mpaka alipofariki 1884. Mtemi Isike wa Unyanyembe, hapa hapa Tabora, Wajerumani walipolivunja boma lake Januari 1893, aliwasha baruti iliyokuwemo kuliko kushikwa mzima. Na 1916 Wabelgiji wakaja kuwatoa Wajerumani hapa hapa. Kila ukoo wenye historia una chuma cha zamani mahali fulani. Mkuu, shemeji aelezwe kwamba hili ni jambo la damu.

Karani wa Mirathi:
Nimesoma uzi wote, hakuna aliyeuliza. Mwana wa Isevya, leseni ina jina la nani?

Mwana wa Isevya:
Leseni ipo mkuu. Mimi nimeomba ushauri wa ndoa.

Karani wa Mirathi:
Sijauliza kama ipo. Jina la nani?

Mwana wa Isevya:
Ya marehemu mzee. Lakini hebu nisikilizeni kabla hamjanirukia. Mzee aliimiliki kihalali maisha yake yote, alikuwa na mashamba ya tumbaku, nguruwe pori walikuwa wakimmaliza. Kabla hajafa aliniita, akanikabidhi mkononi mbele ya mama na wajomba. Hakuna ndugu aliyepinga. Sijaiba, sijanunua uchochoroni. Mzee mwenyewe alinifundisha kuisafisha nikiwa mdogo, kuanzia mtutu hadi chuma cha kushindilia, na ndiyo maana nikiishika nasikia kama yupo. Sasa leo niende polisi nikaseme nini? Wataichukua na sitaiona tena. Ndiyo maana nasema bora iende Sikonge. Binamu yangu ana banda la kukaushia tumbaku, hakuna anayeingia.

Karani wa Mirathi:
Mkuu, ng'ombe wanarithiwa, shamba linarithiwa. Silaha hairithiwi kwa kukabidhiwa mkononi. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inampa leseni mtu, na mtu akifa leseni haihamii kwa mwanawe. Silaha inatakiwa ifike polisi, anayeitaka anaomba leseni ya kwake kuanzia serikali ya mtaa, ombi linapanda ngazi kwa ngazi, wakimridhia anamilikishwa. Mwaka 2023, Septemba na Oktoba, Serikali ilitoa msamaha kwa wote wanaosalimisha kwa hiari. Ulikuwa wapi?

Na hiyo safari ya Sikonge ifute kichwani leo. Hapa ulipo una maelezo ya mtoto aliyefiwa na baba. Ukikutwa nayo kwenye basi au imefichwa bandani, ni kesi ya uhujumu uchumi, wewe na binamu yako. Nimeona akina mama wanavyolia koridoni kwa kesi za namna hiyo.

Mpenda Ushahidi:
Samahanini, hivi ni mimi peke yangu nimeona? Shotigani ya kukunja ina chuma cha kushindilia cha nini? Risasi yake inaingia nyuma. Kushindilia ni gobore: unamwaga baruti mdomoni, unashindilia matambara na goroli, unaweka fataki. Huyu hajawahi kushika bunduki. Amekusanya maneno, akaongeza nta na mafuta ya cherehani, nyie mnampa sheria. Hii ni chai, tena ya maziwa. Uzi bila picha hauna maana. Weka picha tuamini.

Mha wa Ujiji:
Aisee kweli. Na mimi nimetoa siri ya kitenge changu bure.

Mtoto wa Cheyo:
Mtu anayesema jasho la vidole linaleta kutu ameshika bunduki huyo. Labda alichanganya maneno.

Askari Mstaafu:
Nilikiona hicho kipande nikanyamaza. Mduara wa mwanga ndani ya mtutu alivyouelezea, hilo halitungwi, ni la mtu aliyechungulia. Na chuma cha kushindilia nacho hakukitunga. Kijana, sema vizuri. Ndani ya nyumba hiyo kuna silaha ngapi?

Mpenda Ushahidi:
Afande unamsaidia kutunga sasa.

Mwana wa Isevya:
Sijatunga kitu. Nilisema nina shotigani, na ninayo. Lipo na gobore la babu. Lile sikulitaja kwa sababu mimi silihesabu kama silaha. Babu alilitengenezewa na mhunzi, mti wake ni mninga, pale babu alipokuwa akiegemeza shavu mbao imelika ikawa laini kama kiganja. Limening'inia nyuma ya mlango wa chumbani, halijalia tangu nizaliwe. Leseni halikuwahi kuwa nayo, ni la kijijini. Hilo ndilo mke hajui kama ni zima. Yeye anadhani ni pambo.

Bibi Asali:
Yaa Rabi. Nyuma ya mlango wa chumbani.

Askari Mstaafu:
Limewahi kukaguliwa kama lina baruti ndani? Gobore la wazee mara nyingi lilitundikwa likiwa limeshindiliwa, tayari kwa usiku wa simba. Usilitikise, usijaribu kulitoa kitu, usiweke moto karibu. Watoto wahame chumba hicho leo. Na kaa nalo mbali wewe mwenyewe.

Mpenda Ushahidi:
Sawa, basi nionyeshe hiyo mninga. Picha moja.

Karani wa Mirathi:
Usiweke picha yoyote hapa. Na kwa faida ya wote, gobore ni silaha mbele ya sheria, watu wamefungwa kwa gobore moja tu bovu.

Mwana wa Isevya:
Sijalala tangu jana kwa maneno yenu. Karani, nikienda nikayasema yote mawili si nitakuwa nimejichongea? Nikisalimisha ya mzee kwanza, la babu likabaki mpaka msamaha mwingine? Lile ndilo siwezi kuliachia. Shotigani naweza kuomba leseni nikarudishiwa. Gobore nani atanirudishia?

Karani wa Mirathi:
Usisubiri msamaha ambao hujui utatangazwa lini, na usigawe ukweli mafungu. Asubuhi tafuta wakili hapo mjini kabla hujafika kituoni, umweleze kama ulivyotueleza sisi. Beba kitabu cha leseni ya mzee, cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha ukoo. Silaha ziache zilipo, usibebe hata moja barabarani. Wakili awatangulie, askari waje wazichukue wenyewe, na mjumbe wa mtaa awepo. Ombi la kumilikishwa ile shotigani liandike wakati huo huo. La gobore mwambie wakili jinsi lilivyotengenezwa na umri wake, aone kama lina njia.

Bibi Asali:
Na mkeo umwambie usiku huu, kabla ya wakili. Mwite jina lake, mketishe, umwambie la nyuma ya mlango.

Mwana wa Isevya:
Sawa mama. Yuko jikoni, ngoja nizime simu.