Tupeane uzoefu: stesheni ya Maktau na maji ya treni

Mwanzilishi wa mada

Ndugu zangu, hamjambo. Wiki iliyopita nilishuka Maktau kutoka kwenye matatu ya Voi kwenda Taveta, nikatembea hadi stesheni ya zamani, na nikakaa pale karibu saa nzima nisione kiumbe ila mbuzi waliojilaza kivulini mwa ukuta. Nyasi zimefunika mataruma kiasi kwamba mgeni angeweza kuivuka njia ya reli asijue ameivuka. Nawaomba walioishi kandokando ya reli hii, au waliosafiri nayo, waeleze waliyoyaona kwa macho yao, na hasa habari za maji, kwa sababu nimekuja kuamini kwamba historia ya stesheni ile ni historia ya maji kuliko ya abiria.

Haikujengwa kwa ajili yetu. Mnamo Agosti 1914, Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza, majeshi ya Wajerumani yaliiteka Taveta, na Waingereza waliotaka kuwaondoa walikabiliwa na nyika kavu kutoka Voi, ambayo isingeweza kuwanywesha askari, nyumbu wala farasi. Mwaka 1915 wakaanza kutandika reli kuelekea magharibi kupitia Mwatate na Bura, na katikati ya mwaka huo ilikuwa imefika Maktau, penye kambi kubwa iliyonywa maji yaliyoletwa kwa bomba kutoka milima ya Bura. Februari 1916 walishambulia kilima cha Salaita wakashindwa. Machi wakaichukua Taveta, na mwaka huohuo reli ikafika Kahe, upande wa Tanzania ya leo, na kuungana na ile ya Wajerumani ya Tanga hadi Moshi. Jambo linalonichekesha kila nikilikumbuka ni kwamba maadui hao wawili, bila kushauriana, walikuwa wamechagua upana uleule wa mita moja kati ya reli na reli, hivyo mabehewa ya huyu yaliweza kupita kwenye njia ya yule.

Mimi nilizaliwa miaka mingi baada ya hayo. Ninachokumbuka ni madebe. Yalipangwa foleni tangu alfajiri karibu na tangi la stesheni, na asiyekuwa na debe la ziada aliweka jiwe mahali pake, na jiwe hilo liliheshimiwa kama mwenyewe. Bomba la kujazia injini lilikuwa limejikunja kwa juu na kuning'iniza mdomo wa turubai, nasi watoto tuliliita mkonga. Injini ikishashiba na kuondoka, mkonga uliendelea kudondosha matone kwa muda, na kazi yangu ilikuwa kukinga kopo chini yake mpaka lijae. Maji hayo yalikuwa na ladha ya kutu, na marehemu bibi yangu alishikilia hadi mwisho wa maisha yake kwamba chai ya maji mengine haina nguvu.

Mstaafu wa reli, Voi

Nashukuru kwa mada hii, mwanangu, ila niruhusu nirekebishe jambo moja. Maji ya stesheni hayakuwa ya aina moja. Yalikuwapo ya injini, na yalikuwapo ya watu, yaani ya stesheni masta, ya pointiman aliyegeuza njia za treni, na ya magenge ya kukarabati njia waliokaa kwenye landhi, yaani nyumba za wafanyakazi wa reli. Hayo ya pili mara nyingi yalifika kwa behewa la tangi lililofungwa nyuma ya treni ya mizigo. Wanakijiji walipewa kwa hisani. Sikumbuki kuona agizo lolote lililowaruhusu, wala sikumbuki stesheni masta aliyewafukuza.

Watu wengi husema kijiji kilianza kuumia treni ya abiria iliposimama. Mimi nasema kiliumia mapema zaidi, tulipoletewa dizeli. Injini ya mvuke haiwezi kwenda mbali bila kunywa, kwa hiyo kila baada ya masafa fulani lazima pawe na tangi, pampu, na mtu wa kuiangalia pampu hiyo. Zile injini kubwa za daraja la 59, zilizopewa majina ya milima, zilibaki njia kuu ya Mombasa na Nairobi kwa sababu ya uzito wake. Huku kwetu ziliingia ndogo, lakini hata hizo zilikuwa na kiu. Miaka ya sabini ilipokuwa ikiisha, mvuke ulikuwa unaondoka, na dizeli ikapita Maktau bila kuomba hata kikombe. Pampu ikiharibika, nani angeandika barua ya kuomba spea wakati injini haina haja nayo? Hakuna aliyekusudia kuwanyima watu maji. Ni hesabu tu.

Mama wa soko la Taveta

Mimi sina la kusema kuhusu injini. Nilikuwa nikimfuata mama yangu na mikungu ya ndizi, naye hakupenda kuuzia Taveta peke yake, kwa kuwa siku za soko, Jumatano na Jumamosi, ndizi zilikuwa nyingi na bei ikaporomoka. Kwenye treni aliuza njiani. Ilikwenda polepole mno, lakini upole huo ndio uliokuwa faida yetu, maana kila kituo watu walikuja dirishani, na pale Maktau wengine walilipa kwa asali. Mara moja tulisimama porini karibu saa mbili kwa sababu ya ndovu waliokuwa kwenye njia, na mama akamaliza kuuza mkungu mzima kwa abiria waliokuwa wamemcheka asubuhi kwa kubeba mzigo mwingi. Siku hizi kuna lami na lori linafika Voi upesi, ila lori halisimami Maktau.

Mkaazi wa Kahe, Moshi

Salamu kutoka upande wa pili wa mpaka. Kwetu jambo kubwa lilikuwa mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, shirika la reli lililokuwa moja tangu 1948 likagawanywa, na mpaka ukafungwa hadi 1983. Baba alikuwa na dada aliyeolewa Taveta. Aliposikia habari hiyo alidhani ni jambo la wiki mbili. Treni ya abiria kutoka Dar es Salaam ilirudi Moshi Desemba 2019 na inapita Kahe, lakini njia inayochepuka kwenda Taveta imebaki vilevile, na vijana wangu hawaelewi ninaposema kwamba hapa palikuwa njia panda.

Mwalimu, Mwatate

Nyongeza fupi. Makaburi ya vita yapo Voi, Maktau na Taveta, na wanafunzi wangu huuliza kwa nini hawaoni majina ya wapagazi wa Kiafrika, ambao walikuwa wengi kuliko askari. Wengi wao hawakuandikiwa jiwe lolote. Jina la kikosi chao, Carrier Corps, ndilo lililobaki, katika Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi.

Mwanzilishi wa mada

Mzee wetu wa Voi, nakubali marekebisho, na sasa naelewa kwa nini bibi aliichukia dizeli kwa chuki ambayo sisi tuliidhani ni ya moshi. Nilisahau kueleza kwamba kabla sijaondoka alitokea mchungaji wa wale mbuzi, nami nikamuuliza mkonga ulikuwa wapi. Hakulijua neno hilo. Nilipomweleza, alinipeleka kwenye kitako cha saruji chenye boliti nne zilizokatwa, akasema yeye hufungia hapo beberu lake. Mwenye picha ya mahali hapo wakati bomba likiwa limesimama, namwomba aiweke hapa.