Mkanda wa katuni bubu ya Felix: je, unafaa kununuliwa?

Mgeni wa Mikanda:
Ndugu wanajamvi, ninaishi Uingereza, na muuzaji mmoja wa vitu vya kale amenionyesha mkanda wa milimita 16 wa paka Felix, akidai kuwa ni wa miaka ya 1920. Naomba kuelezwa nikague nini kabla ya kutoa fedha, na kama kuna faida yoyote ya kumiliki mkanda wakati katuni hizo zinatazamwa bure mtandaoni.

Fundi Projekta:
Ndugu, anza na matundu ya ukingoni mwa mkanda. Yakiwa pande zote mbili, mkanda ulitengenezwa kuwa bubu. Yakiwa upande mmoja tu, yaelekea ni nakala ya baadaye iliyobandikwa muziki, ambayo njia yake ya sauti huchukua nafasi ya matundu ya upande wa pili, na mwendo wa fremu (picha moja moja) 24 kwa sekunde humfanya paka akimbie kuliko alivyokusudiwa. Alama za mwaka ambazo Kodak ilizichapa ukingoni hurudiwa kila baada ya miaka 20, kwa hiyo zisikutoshe peke yake. Moto usikutishe, kwani milimita 16 ilipoanza mwaka 1923 ilitumia asetati, plastiki isiyowaka upesi, si ile naitreti ya majumba ya sinema iliyoshika moto upesi. Ila ukisikia harufu ya siki, asetati imeanza kuoza: acha.

Mpenda Wino:
Nakubaliana na Fundi, isipokuwa nisingezidharau nakala za baadaye, kwa sababu zipo katuni za enzi hiyo zilizosalimika katika nakala za nyumbani pekee, tena nyingine zikiwa zimefupishwa na kubadilishwa majina. Kuhusu mvuto, kwa kuwa sauti haikuwepo, kichekesho kililazimika kuchorwa. Katika katuni ya kwanza ya paka huyu, ya mwaka 1919, noti za muziki zinadakwa hewani na kugeuzwa vigari. Baadaye mkia wake ukawa chombo cha kila kazi. Mchoraji alikuwa Otto Messmer, ingawa jina lililotangazwa lilikuwa la Pat Sullivan, mwenye studio, jambo ambalo mimi naliona dhuluma. Ukiushika mkanda kwenye mwanga, unaona fremu kwa fremu jinsi mkia unavyochomoka.

Mgeni wa Mikanda:
Ahsanteni. Je, nimwombe aurushe kwenye projekta?

Fundi Projekta:
Hapana, mkanda uliosinyaa utachanika. Mwombe aukunjue mezani, mita mbili za mwanzo.